Kipande cha ardhi kati ya geti na lami: ni cha nani?

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki tatu baada ya mimi kumaliza kuweka kabro, yale matofali ya kutandaza ua, mbele ya nyumba yangu huku Nakuru. Saa kumi na mbili asubuhi, jirani yangu wa upande wa chini alinigongea geti. Hakuja na maneno mengi. "Baba, hebu njoo uone," akaniambia. Tulitembea hatua kama ishirini. Mtaro wa barabara ulikuwa umejaa tope hadi juu, maji yamekata barabara, yamepita chini ya geti lake na kuyalaza mahindi aliyopanda kando ya ukuta. Chanzo kilikuwa kiingilio changu: bomba jembamba ambalo fundi aliniambia litatosha, tukalilaza mtaroni, tukalifunika kwa maramu na kupitisha gari juu yake.

Sikuwa nimeomba kibali popote. Nilidhani sihitaji. Geti ni langu, gari ni langu, na nyasi zilizoko kati ya ukuta na barabara nimezifyeka mwenyewe miaka yote. Nani mwingine angekuwa na neno hapo?

Wenye neno walikuwa wengi, na tangu siku ile nimetumia muda mwingi kuwajua. Kinachowachanganya wenye nyumba, wawe Kiamunyi na Section 58 au Migosi na Mamboleo kule Kisumu, ni kwamba tunaita "mbele ya nyumba yangu" mahali ambapo kisheria ni vipande vitatu, na kila kipande kina mwenyewe na masharti yake. Ukishavitenganisha vipande hivyo, maswali mengi kuhusu njia ya gari na maegesho hujibika haraka.

Mistari mitatu ardhini

Mstari wa kwanza ni mpaka wa ploti yako, ule unaoonyeshwa na bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima ardhi. Ndani yake ni kwako. Hata hivyo usidhani kwamba ukuta ndio mpaka. Mitaa mingi ya pembezoni mwa Nakuru ilizaliwa kutokana na mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni za wananchi, kisha yakakatwa ploti moja baada ya nyingine. Bikoni zimeng'olewa na matrekta, zimefukiwa, nyingine zimesogezwa usiku. Aliyejenga kwanza alikisia, aliyefuata akajipanga kwa ukuta wa mwenzake, na leo safu nzima ya nyumba imeingia barabarani mita moja bila yeyote kukusudia kuiba.

Sheria yenyewe inakubali kwamba mipaka mingi hujulikana kwa makadirio tu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema mpaka unaoonekana kwenye ramani ya usajili huchukuliwa kuwa wa takriban, isipokuwa pale ulipopimwa na kuwekwa rasmi kuwa mpaka thabiti. Ndiyo maana kupiga hatua kwa miguu huku umeshika fotokopi ya ramani hakumalizi ubishi. Anayemaliza ni msajili wa ardhi akisaidiwa na mpima ardhi aliyesajiliwa. Gharama ya kumleta savea siku moja, kabla hujamwaga zege, ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kubomoa.

Ukivuka mpaka huo unaingia hifadhi ya barabara. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hifadhi ya barabara haiishii kwenye lami wala kwenye maramu iliyopigwa greda. Huanzia mpaka wa ploti za upande mmoja na kufika mpaka wa ploti za upande wa pili, ambao ndio mstari wa pili: lami, mtaro, nyasi, nguzo za stima, mabomba ya maji, vyote vimo. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inazihesabu barabara zote zinazotambuliwa na sheria ya Bunge kuwa ardhi ya umma. Hata njia ambayo savea aliiacha wakati shamba lilipokatwa, na ambayo kaunti haijawahi kuipelekea hata lori moja la maramu, si mali ya aliyeuza shamba ikishaingia kwenye ramani iliyosajiliwa. Mzee anaweza kusimama hapo na kusema "hii njia niliitoa mimi." Ni kweli aliitoa, na kwa kuwa aliitoa si yake tena.

Tofauti ipo kwa mitaa iliyozungushiwa ukuta chini ya hati moja, ambako barabara za ndani zimebaki mikononi mwa kampuni au chama cha wakazi. Huko unaomba ruhusa kwa chama kwanza.

Wengine hujitetea kwamba wameegesha magari yao mahali hapo miaka 15 au 20 na hakuna aliyewauliza. Muda hausaidii. Kanuni ya kudai ardhi kwa kuikalia miaka 12 haitumiki dhidi ya ardhi ya serikali, na Sheria ya Ukomo wa Madai inasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 41. Unaweza kupanda nyasi, ukamwagilia maji na kuzipenda kama watoto wako. Siku barabara ikipanuliwa, nyasi zitaondoka na fidia haitakuwepo.

Mstari wa tatu uko ndani ya ploti yako mwenyewe, na huu ndio usiojulikana kabisa. Kati ya mpaka wa mbele na ukuta wa nyumba kuna nafasi ambayo mipango inataka ibaki wazi. Ardhi ni yako, lakini hujapewa uhuru wa kuinua jengo hapo. Kwa mitaa ya zamani kama Milimani ya Nakuru na Milimani ya Kisumu, ambako hati nyingi ni za kukodishiwa ardhi na serikali kwa muda maalumu, soma masharti yaliyoandikwa kwenye hati yenyewe. Mara nyingi utakuta majengo hayaruhusiwi kufunika zaidi ya nusu ya ploti, hakuna ujenzi bila ramani kuidhinishwa, na matumizi ni makazi pekee.

Ni katika ukanda huu wa ndani ambamo wengi wetu huegesha gari. Kuegesha si kujenga, hilo halina taabu. Taabu huanza jua la Kisumu linapochoma dashibodi, mwenye gari akasimamisha nguzo nne za chuma na kuezeka mabati. Hicho sasa ni kibanda, kimesimama mahali pasipotakiwa jengo, na afisa wa mipango akikiona atakuuliza ramani iliyoidhinishwa iko wapi. Kitambaa cha kivuli kinachoondolewa ni jambo jingine, ingawa hata hapo ningeuliza kwanza.

Barabara hii ni ya nani?

Kabla ya kuuliza kibali ni pesa ngapi, uliza swali hilo. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi hii: barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho ni za kaunti. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, zile za kitaifa zina mamlaka tatu. KeNHA husimamia barabara kuu, KURA zile za kitaifa zilizo mijini, na KeRRA zile za kitaifa zilizo vijijini.

Ukikaa Nakuru na geti lako linatazama barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret, au ukiwa Kisumu na nyumba yako iko kando ya barabara ya kwenda Busia au Kakamega, mwenye kauli ni KeNHA, na ofisi ya kaunti haiwezi kukuruhusu kukata kiingilio hapo hata ikutolee stakabadhi kumi. Ukiwa kwenye njia ya ndani ya mtaa, karibu kila mara unashughulika na kaunti. Katikati ya hizo kuna barabara za lami zinazopita mitaani ambazo mkazi hawezi kuzitambua kwa macho. Nenda kwa injinia wa barabara wa kaunti na namba ya ploti yako na umuulize. Atakuambia ni yao au atakuelekeza.

Kwa barabara zilizo chini ya mamlaka hizo tatu, kifungu cha 49 cha sheria hiyo ya 2007 hakina mafumbo: hakuna anayeruhusiwa kujenga au kulaza kitu chochote juu ya barabara, chini yake au katika eneo lililozuiwa ujenzi kando yake bila ruhusa ya maandishi ya mamlaka inayohusika. Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji ya mtaro chini ya kiingilio, ni kitu. Ngazi ya zege ya kupandishia gari ni kitu. Na ruhusa ya mdomo kutoka kwa mtu aliyepita na koti la kung'aa si ruhusa.

Vibali viwili, si kimoja

Hapa fundi wengi hupotosha wateja wao, pengine kwa kutojua. Kuna kibali cha kuendeleza ardhi yako, na kuna ruhusa ya kuvuka ardhi ya umma kufika barabarani. Ukipata kimoja hujapata kingine.

Cha kwanza kinatoka kwa kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kifungu cha 57 kinakataza uendelezaji wowote bila kibali, na anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Neno "uendelezaji" limepanuliwa sana: ni kazi yoyote inayofanywa kwenye ardhi, pamoja na kubadilisha matumizi yake. Ukuta mpya na geti havina mjadala, vinahitaji ramani. Kuhusu kutandaza kabro ndani ya ua uliokwisha kuidhinishwa, nenda na picha na vipimo uulize afisa wa mipango, umwombe akujibu kwa maandishi. Ada hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka, kwa hiyo kiasi alicholipa shemeji yako mwaka juzi si kipimo. Lipa kwenye akaunti ya kaunti, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Sheria inatoa siku 60. Usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku hizo, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Kifungu hicho kinamlinda mwananchi dhidi ya faili linalolala mezani, lakini kina mitego miwili. Lazima uwe na ushahidi wa siku uliyowasilisha maombi kamili, yaani nakala yenye muhuri au ujumbe wa mfumo wa mtandaoni. La pili, kimya hicho ni cha kaunti kama mamlaka ya mipango. Hakikupi ruhusa ya KeNHA wala hakikuruhusu kuvunja bomba la watu.

Ruhusa ya pili ndiyo ile ya mwenye barabara. Atataka kujua geti liko wapi, kiingilio kina upana gani, mtaro utavukwa vipi, na dereva anayetoka ataonaje wanaokuja. Ploti ya pembeni, iliyo kwenye makutano, hukaguliwa zaidi, kwa sababu geti lililo karibu mno na kona huua watu. Mimi ningesisitiza mambo mawili hata kama hakuna aliyeuliza. Geti lifunguke kwa ndani au liteleze, lisibembee kuelekea barabarani ambako watoto wanapita kwenda shule. Na lirudishwe ndani ya ploti kiasi cha urefu wa gari, takriban mita 5, ili unaposubiri kufunguliwa mkia wa gari usibaki barabarani. Ndiyo, utapoteza kipande cha ua. Lakini muulize mwendesha boda aliyewahi kukwepa gari lililosimama nusu barabarani usiku wa mvua.

Katika ukanda huo pia kuna vitu vya wengine. Mabomba ya kampuni za maji, Nawassco kwa Nakuru na Kiwasco kwa Kisumu, mara nyingi hupita humo, wakati mwingine sentimita chache tu chini ya nyasi. Nguzo ya stima ikikaa mbele ya geti lako, Kenya Power huihamisha kwa maombi na kwa gharama yako. Na mti ulioko kando ya barabara si wako. Ile mijakaranda inayofanya Milimani ya Nakuru iwe zambarau msimu wa maua, kuikata ili upate nafasi ya gari la pili ni jambo linalohitaji ruhusa kabla ya shoka, na kwangu ni kosa hata ruhusa ikipatikana.

Maji ndiyo mahakama ya kwanza

Karatasi zote hizi zina sababu moja kubwa kuliko nyingine, nayo ni maji. Chukua ua wa mita za mraba 80 uliozibwa kwa zege. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu ni alasiri ya mvua kubwa ya Aprili, inakupa lita 2,400, yaani mitungi 120 ya lita 20. Zamani udongo ungekunywa sehemu kubwa. Sasa yote yanatoka getini kwa mkupuo, na nyumba kumi kwenye mstari mmoja zinatoa mitungi 1,200.

Nakuru imekaa kwenye mteremko unaoshuka kutoka Menengai hadi Ziwa Nakuru. Udongo wetu wa volkano ni mwepesi, hubebwa na maji kama unga, na kila mtaro ulioziba huurudisha barabarani kama tope. Ziwa lenyewe halina mto wa kutokea, kwa hiyo uchafu unaofika huko hukaa huko. Kisumu ina taabu ya aina nyingine. Upande wa Nyamasaria na tambarare za Kano udongo ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukilaza kabro juu yake bila kuuchimba na kuweka msingi mwingine, mwaka ukiisha njia yako itakuwa na mawimbi kama ziwa. Na kwa kuwa ardhi ni bapa, maji yanayozuiwa na kalvati moja mbovu husambaa kote. Wanaoishi Nyalenda karibu na mto Auji wanajua yanakofikia.

Kwa hiyo kalvati si urembo. Injinia wengi hupenda bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 60 kwenye viingilio, kwa sababu jembamba kuliko hilo huziba upesi na koleo haliingii kulizibua. Lilazwe kwa mteremko ule ule wa mtaro, chini yake pakae sawa na chini ya mtaro, si juu zaidi, maana hapo unatengeneza bwawa. Midomo yote miwili ijengewe ukuta mdogo wa mawe ili maramu isiporomoke. Langu lilikosa yote hayo. Lilikuwa jembamba, limekaa juu ya usawa wa mtaro, na mdomo wake ulizibwa na mfuko wa saruji uliokuwa wa kazi yangu mwenyewe.

Kwa upande wa ndani, acha sehemu ya ardhi ipumue. Njia mbili za kabro kwa magurudumu na nyasi katikati zinabeba gari vizuri kabisa. Maji ya paa yaingie kwenye tangi, si kwenye mteremko wa geti.

Barabara si gereji

Nje ya geti, sheria ni fupi. Hakuna mkazi anayemiliki nafasi iliyo mbele ya ukuta wake. Mawe yaliyopakwa chokaa, matairi yaliyozikwa nusu, minyororo ya kuzuia wengine wasiegeshe: vyote vimewekwa kwenye ardhi ya umma na askari wa kaunti wanaweza kuving'oa. Upande wa pili, mgeni wa jirani akiliziba geti lako anavunja Sheria ya Trafiki kwa kuzuia njia, na anayefaa kuitwa ni polisi wa trafiki. Kumtolea upepo kwenye matairi kunakufanya wewe kuwa mkosaji.

Lori ndilo hunichoma moyo. Baba mwenye lori anataka lilale karibu naye, naelewa, limenunuliwa kwa mkopo. Lakini njia ya mita 6 au 9 ikilazwa lori upande mmoja, gari la zimamoto halipiti. Na anayebomoa ukuta wa mbele ili akodishe ua wake kwa magari ya wapangaji, au kuanzisha pahali pa kuoshea magari, amebadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi kwenda biashara. Hiyo inahitaji kibali chake, na majirani wana haki ya kusikilizwa.

Wenye nyumba za ghorofa swali lao ni jepesi zaidi: kama nyumba imesajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, tazama mpango uliosajiliwa. Nafasi ya gari iliyoandikwa kwa nyumba yako ni yako. Isiyoandikwa ni ya wote.

Ukipata notisi

Siku utakapokuta alama ya X ya rangi nyekundu ukutani au karatasi imebandikwa getini, usiichane. Soma kwanza imetoka kwa nani, kwa maana hiyo ndiyo inayoamua uende wapi. Ikiwa ni notisi ya utekelezaji kutoka kwa kaunti chini ya sheria ya 2019, itaeleza ulichokosea na unachotakiwa kufanya. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya upatanisho wa mipango na matumizi ya ardhi. Usiporidhika na uamuzi wake, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, inayokaa Nakuru na Kisumu. Siku hizo 14 huhesabiwa tangu ulipopokea karatasi, kwa hiyo andika tarehe juu yake siku hiyo hiyo na uipige picha. Wengi hupoteza wiki nzima wakimtafuta mwakilishi wa wadi awapigie mtu simu, na simu haisimamishi hesabu ya siku.

Mimi sikungoja karatasi. Nilimlipa jirani mahindi yake, nikamleta savea, nikagundua kona moja ya ukuta wangu imetoka nje ya bikoni kwa upana wa viatu viwili. Nimeibomoa kona hiyo na kuijenga upya ndani ya mpaka. Ombi la kalvati liko kwa injinia wa kaunti, nakala yenye muhuri nimeiweka pamoja na hati ya ploti. Kwa sasa bomba la zamani limetolewa, mtaro uko wazi, na gari linalala kwa jirani yule yule wa chini, ambaye alinipa nafasi kabla sijamwomba.